Sahani ya Verena

Mama yangu ana miaka themanini na moja. Haamini daktari, haamini redio, na mimi mwenyewe ananiamini siku za Jumapili tu. Anachoamini ni ndoto. Kwa hiyo aliponiita asubuhi moja ya mwezi wa Machi akaniambia kwamba mdogo wake Verena amesimama langoni usiku kucha na hataki kuingia, nilijua kazi imeshaanza.

"Alikuwa amevaa nini?" nilimuuliza. Kwetu kisiwani Carriacou hilo ndilo swali la kwanza.

"Koti. Lile koti zito la Uingereza. Na ana njaa, Ismay. Niliiona njaa machoni mwake."

"Ulimkaribisha?"

"Mara tatu. Akaniangalia tu."

Mama mdogo Verena alifariki mwezi wa Novemba huko Huddersfield, Uingereza, akazikwa hukohuko kwenye baridi. Marehemu akija ndotoni na njaa hakuna mjadala, anapikiwa sadaka. Watu wanaalikwa, mbuzi anachinjwa, ngoma zinawambwa upya, na kabla aliye hai hajatia tonge mdomoni inaandaliwa sahani ya wazee. Meza, kitambaa cheupe, chakula kisichotiwa chumvi, glasi ya maji, glasi ya ramu, mshumaa, chumba kitupu na mlango wazi. Haingii mtu mpaka jogoo awike. Asubuhi kina mama wanaingia kutazama. Mara nyingi chakula kiko vilevile, nao wanatafuta dalili: tonge limebonyea, maji yamepungua kidogo, basi wanaridhika na watoto wanagawiwa. Mimi nimeingia vyumba hivyo tangu sijaota meno ya pili, na sijawahi kuona dalili ambayo panya asingeweza kuiacha. Lakini mimi hunyamaza, maana mama yangu ana mkono mwepesi hata sasa.

Safari hii Mama hakutaka dalili. Alitaka sahani iliwe, na sababu yake naijua kuliko mtu yeyote kisiwani.

Bibi yetu, mama yao, alipofariki, Verena hakuja maziko. Alikuja miaka miwili baadaye, tulipofanya karamu ya kuweka jiwe la kaburi, amevaa viatu vya kisigino kirefu na kuongea kupitia puani. Akafikia nyumba yetu ndogo ya chini ya kilima, chumba cha mbele, chumba alichokulia. Siku ya pili akapika. Alipika samaki, mbaazi na ugali wa kuviringa wenye siagi, akafunika sahani kwa kitambaa, akanipa mimi nimpelekee Mama nyumba ya juu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mama hakufunua hata kitambaa.

"Mrudishie," alisema.

Nikairudisha. Hakuna tusi kwetu linalozidi hilo. Ukimtukania mtu mama yake mtapatana wiki ijayo, lakini ukimrudishia sahani yake na kitambaa juu, umemwambia kwamba kwako amekufa. Verena aliipokea, akaiweka mezani, akaniuliza kama Mama amesema neno lolote. Nilimdanganya, nikasema hakusema kitu. Ijumaa akapanda boti. Ikapita miaka thelathini na mitano bila barua hata moja kutoka huku wala kule.

"Atanirudishia," Mama aliniambia akipepeta mchele wa sadaka. "Wewe ngoja uone. Nitampikia, nitamwandalia, na asubuhi nitaikuta kama nilivyoiacha. Ni haki yake."

"Mama, marehemu hawana kisirani."

"Verena? Humjui mdogo wangu wewe."

Alikuwa hacheki. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwona mama yangu anaogopa, na nikaogopa pia.

Sasa, ile nyumba ya chini siku hizi ndiyo kazi yangu. Ina vyumba viwili, naweka wageni. Kijijini kwetu L'Esterre hawaji wengi, na wanaokuja ni wale waliochoka kelele za kwao. Wanakaa barazani wanatazama bahari na kisiwa kidogo cha Sandy Island pale mbele, wanauliza kuna nini cha kufanya, nawaambia hakuna, nao wanafurahi. Jioni hiyohiyo ya sadaka nilikuwa namtegemea mmoja, Bi Marit, kutoka Norwe. Kwa kuwa sisi sote tungekuwa juu kwenye ngoma, nilimwandalia chakula chake chumba cha mbele, nikabandika karatasi langoni: *Karibu sana. Chumba chako ni cha mbele, mlango uko wazi. Chakula kiko mezani, kula ushibe. Tutaonana asubuhi. Ismay.*

Saa kumi alasiri Mama akashuka na fimbo yake.

"Sahani ya wazee itakaa chumba cha mbele," alisema.

Mdogo wangu Cosnel alikuwa amebeba meza kichwani kuipeleka nyumba ya juu, ambako sahani huwekwa miaka yote. Akasimama katikati ya njia.

"Mama, chumba cha mbele kina mgeni."

"Mgeni gani? Kile chumba ni cha Verena."

"Ni mgeni wa dada. Anakuja na boti."

"Basi alale cha nyuma. Kwani cha nyuma kina nyoka?"

"Hakina nyoka, kina godoro bovu," nilisema.

"Mpe lako."

Mama akisema hivyo mazungumzo yameisha. Cosnel akageuza meza. Tukahamisha chakula cha mgeni chumba cha nyuma, tukatandika kitambaa cheupe kile cha mbele. Mama mwenyewe, kwa mikono yake, akaandaa nyama ya mbuzi, mbaazi, wali na matonge ya ugali aliyoyaviringa mpaka yakang'aa. Akamimina ramu ya Jack Iron, ile ambayo barafu huzama ndani yake, akajaza glasi mpaka ukingoni. Akasimama pale muda mrefu. Midomo ilikuwa inacheza lakini sikusikia alichosema.

"Ile karatasi ya langoni utaibadilisha, au?" Cosnel aliniuliza tukitoka.

"Naibadilisha sasa hivi."

Sikuibadilisha. Mtu wa Carriacou mwenye watu mia mbili wa kulisha na masufuria sita motoni hakumbuki karatasi. Boti ilichelewa, ngoma zilianza, nikamwita jirani akoroge ugali, nikabeba maji, nikacheza kidogo, nikagombana na binamu yangu kuhusu vijiko. Mgeni nilikuja kumkumbuka nikiwa nimeshalala, nikajisemea kwamba mtu aliyetoka Norwe hadi hapa hawezi kushindwa kufungua mlango.

Jogoo alipowika Mama alikuwa tayari mlangoni kwangu, amevaa gauni lake jeupe la kanisani. Tulishuka pamoja na kina mama wengine wanne. Mama alitangulia. Aliusukuma mlango kwa fimbo, akaingia, nami nikaingia nyuma yake.

Sahani ilikuwa nyeupe. Siyo imepungua, imekwisha. Mifupa imefyonzwa na kupangwa pembeni. Glasi ya maji tupu, glasi ya ramu tupu. Kitambaa cha mkono kimekunjwa mara nne na kuwekwa kando, kona juu ya kona. Kitanda kimetandikwa, lakini mto ulikuwa na shimo la kichwa.

Nakwambia nywele zilinisimama. Mimi, mtu wa panya na dalili, nikashika ukuta.

"Amekula," Mama alisema. Sauti ilikuwa ndogo sana. Halafu akapiga kelele iliyowaamsha watu mpaka kijiji cha Harvey Vale: "Verena amekula! Verena amekula yote, jamani!"

Alipiga magoti akaibusu ile sahani. Bi Olidene, mmoja wa wale kina mama wanne, akaanza kuimba, mwingine akaitikia, na dakika tano baadaye ngoma zilikuwa zimerudi uwanjani na wanaume waliolala na viatu wakaamka wakacheza. Mama akawa analia na kucheka pamoja. "Hata kitambaa amekikunja," alimwambia kila mtu. "Alikuwa nadhifu tangu mtoto. Mimi ndiye nilikuwa mchafu." Kama kuna kitu kizuri nilichowahi kukiona kisiwani hapa, na vizuri ni vingi, basi ni uso wa mama yangu asubuhi ile.

Saa moja hivi nilikuwa peke yangu nyumba ya chini nikifagia, akaingia langoni mwanamke mrefu, mikono mikubwa, nywele fupi za mvi, begi mgongoni, viatu vimejaa mchanga.

"Wewe ni Bi Ismay," alisema. "Mimi ni Marit. Samahani, niliamka mapema nikaenda kutembea. Nataka kukushukuru kwa chakula."

Fagio lilisimama.

"Chakula kipi?"

"Cha jana usiku, kilichokuwa mezani. Sijawahi kupokelewa hivyo mahali popote. Mpaka mshumaa!" Akasita kidogo, mtu mwenye heshima zake. "Chumvi tu ndiyo ilipungua. Lakini nilimaliza chote."

Nilimvuta mkono nikamwingiza chumbani nikafunga mlango. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba kile kilikuwa chakula cha marehemu, kwamba huko juu watu wanacheza kwa sababu yake, na kwamba mama yangu hajawa na furaha kama hii tangu nizaliwe. Habari ya sahani ya zamani sikumwambia. Ile ilikuwa aibu ya nyumbani. Uso wake ulibadilika rangi, akakaa kitandani.

"Lazima nimwambie," alisema.

"Ukimwambia nitakutupa baharini kwa mikono hii."

"Lakini anaamini..."

"Ndiyo! Anaamini! Wewe kosa lako nini? Karatasi niliandika mimi, imesema ule ushibe, umekula umeshiba. Sasa nyamaza. Ni siku sita tu, kisha unaondoka."

Alinitazama kwa macho yake ya kijivu. "Mimi si mzuri kwa kusema uongo."

"Sijakuomba uongo. Nimekuomba unyamaze. Watu wa kwenu si mnajua kunyamaza?"

Na kweli alijua. Siku tatu zile nilimwangalia mgeni wangu na nikampenda bila kutaka. Kwao anaendesha basi la vijijini, miezi mingi kwenye giza na barafu, abiria wanne au watano. Alichagua kisiwa chetu, aliniambia, kwa sababu kwenye ramani hapakuwa na alama yoyote ya kitu cha kutazama. Asubuhi alitembea mpaka ufukweni akakaa. Ulikuwa msimu wa kuachia mifugo, mavuno yameisha na kamba zimefunguliwa, mbuzi na kondoo wanakwenda watakako, na yeye aliwapisha njiani kwa adabu kabisa kama wazee wa kanisa. Hakupiga picha hata moja. Alikaa tu pale upepo wa mashariki unapopita, anatazama maji yanavyobadilika kutoka kijani hadi buluu, na akirudi alisema "nimeona," basi. Sisi tuliozaliwa hapa tunaijua ile bahari na bado kila asubuhi tunafungua dirisha kuitazama kwanza kabla ya kunawa. Nilifurahi kupata mtu asiyehitaji kuelezwa.

Kijiji kilimpenda pia.

"Eti unaendesha basi juu ya barafu?" Bi Olidene alimuuliza dukani.

"Ndiyo, miaka ishirini na nane."

"Mungu wangu. Na huyu Cosnel wetu anaanguka na pikipiki kwenye lami kavu."

"Ile siku kulikuwa na kondoo!" Cosnel alilalamika.

"Kondoo alikuwa amelala, Cosnel. Pembeni."

Marit alicheka mpaka akashika kaunta. Lakini kila alipopita mbele ya nyumba ya juu aliinamisha kichwa, na mimi niliona.

Tatizo likawa Mama. Furaha ilikuwa imemrudishia miguu. Alisukwa nywele upya, akaenda kanisani bila fimbo, akaimba kwenye bomba la maji. Na alitaka kusimulia. Kijiji kizima kilishasikia mara tatu, basi akabaki mgeni. Siku ya nne alasiri akamwita Marit barazani, akamkalisha, akampa kikombe cha kakao, na mimi nilikuwa dirishani namenya viazi. Nilitaka kutoka nimwokoe lakini nilichelewa.

"Nilimkosea mdogo wangu, mwanangu," Mama alikuwa anasema. "Nilimkosea vibaya. Nikajua ameondoka duniani na uchungu wangu kifuani. Lakini alikuja. Alitoka mbali kwenye baridi akaja akakaa kwenye kiti, akala nyama yangu, akala mbaazi zangu, akakunja na kitambaa. Sasa naweza kufa. Hata kesho."

Marit aliweka kikombe chini.

"Mama," alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ni mimi niliyekula. Nilifika na boti, nilisoma karatasi, niliona chakula. Sikujua. Nisamehe, Mama. Siwezi kukaa hapa nikanywa kakao yako na wewe hujui."

Nilisikia upepo kwenye mabati.

"Wewe ndiye uliyekula."

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote."

"Na kitambaa?"

"Mimi ndiye niliyekikunja."

Mama aliinuka. Aliitafuta fimbo kwa mkono, ile ambayo hakuihitaji kwa siku nne, akaingia ndani akafunga mlango. Nikasikia komeo.

Leo naweza kusema kwamba yule ni mmoja wa watu wakweli niliokutana nao, na nasema kwa heshima. Siku ile nilitoka na kisu cha viazi mkononi.

"Umefurahi?" nilimuuliza. "Roho yako imetulia? Maana ya Mama umeitoa."

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Alishuka kwenda chumbani kwake na kutembea kwake kulikuwa kwa mtu mzee.

Mama hakutoka siku hiyo wala iliyofuata. Komeo alilifungua, lakini alilala ameelekea ukutani. Nilimpelekea uji, haukuguswa. Supu ya kombe ambayo anaipenda kuliko sisi wanawe, haikuguswa. Cosnel alikaa ukingoni mwa kitanda akamwambia vichekesho vyake vyote, na vingine vilikuwa vizuri. Bi Olidene alikuja kumwambia kwamba marehemu hula kupitia vinywa vya walio hai, kila mtu anajua, hata mahubiri yanaweza kusema hivyo ukiyasikiliza vizuri.

"Olidene," Mama alisema kwa ukuta, "nenda kapike kwako."

Jioni nilipokaa naye peke yetu alisema jambo moja tu. "Hakuja, Ismay. Amesimama palepale langoni."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji, mwanamke mzima wa miaka hamsini na minne. Nililia kwa sababu nilikumbuka swali la Verena na uongo wangu. Mama alisema neno. Alisema "mrudishie". Ningemwambia, pengine angepanda kile kilima na visigino vyake wakagombana kama ndugu, wakavunja vyombo, wakamaliza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilidhani nafanya wema.

Siku ya sita, siku moja kabla ya kuondoka, Marit alinunua samaki mwekundu kwa wavuvi pale chini. Nilisikia harufu ya jiko kutoka nyumba ndogo, kama kulikuwa na harufu. Saa sita na nusu mchana alitokea mlango wa mbele, amebeba sahani kwa mikono miwili, na juu yake kitambaa.

Nilikuwa naanika nguo. Shuka likanidondoka.

"Nimempikia Mama," alisema. "Najua hataki kuniona. Nimekula chakula chake, ni haki nami nimlishe. Kwetu hatuna namna nyingine ya kuomba radhi. Tafadhali, mpelekee wewe."

Hakujua kitu. Nilimtazama usoni nikitafuta kama kuna mdomo wa Cosnel au wa Olidene nyuma yake, sikuona. Alikuwa mgeni tu aliyesimama kwenye ngazi za chumba cha Verena na sahani iliyofunikwa, akinipa mimi.

Nilitaka kukataa. Haki ya Mungu nilitaka kumwambia apeleke mwenyewe, au ampe mbwa. Mikono yangu ikaipokea. Ilikuwa ya moto chini.

Njia ya kwenda juu ni hatua tisini, nazijua. Nilipumzika mara mbili na sikuwa nimechoka. Nilikuwa nawaza tu: akisema neno lile tena, mimi nitaishusha vipi sahani mara ya pili?

Mama alikuwa amelala vilevile. Aliposikia hatua zangu hakugeuka.

"Sili."

"Sijapika mimi."

Halafu akageuka polepole, akaiona sahani, akakiona kitambaa. Alijiinua kwa kiwiko. Sijui kama mtu anaweza kuzeeka na kurudi ujanani kwa pumzi moja, lakini uso wake ulifanya hivyo.

"Imetoka wapi?"

"Chini."

"Chumba gani?"

"Cha mbele, Mama."

Aliitazama kwa muda mrefu sana. Mikono yangu ilianza kuchoka lakini sikuthubutu kuiweka popote. Nje mbuzi walikuwa wanapigana pembe na mtu akawafukuza. Niliomba. Mimi nisiyeomba mvua wakati wa ukame, niliomba.

"Niletee kijiko," alisema.

Nilimsaidia kukaa, nikamwekea sahani mapajani. Kitambaa alikifunua mwenyewe. Chini yake palikuwa na samaki aliyechemshwa mpaka wekundu ukamtoka, viazi vitatu vilivyochemshwa, karoti moja iliyochemshwa, na siagi iliyoyeyuka juu yake. Hakuna pilipili, hakuna kitunguu, hakuna hata jani la thaimu. Mama alionja. Akafumba macho.

"Hiki ni nini? Chakula cha hospitali?"

"Ndivyo wanavyopika kwao."

"Ndiyo maana wanasafiri." Akatia kijiko kingine. "Samaki mzuri namna hii. Dhambi." Na kingine. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye samaki na angalau yakampa chumvi. "Kiazi hakijaiva katikati. Ismay, kiazi hiki hakijaiva."

"Acha basi, Mama. Umekula vya kutosha."

"Nani kasema naacha?"

Alikila kile kiazi. Alikila kwa shida, ana meno saba. Alikula karoti, akala ngozi ya samaki, akafyonza kichwa na mashavu, akapanga miiba pembeni. Siagi iliyobaki aliifuta kwa kidole mpaka sahani ikalia. Nimelishwa vizuri maisha yangu yote na mama huyu, lakini sijawahi kumwona mtu akila hivyo, bila njaa, bila utamu, mpaka mwisho. Alipomaliza alikunja kitambaa, hovyohovyo, kona zikipishana, akakiweka juu ya sahani tupu akanipa.

"Mpelekee. Mwambie nimemaliza."

"Nimwambie nani, Mama?"

Alishajilaza. Safari hii alielekea dirishani.

Nilishuka. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, Marit alikuwa ameshuka ufukweni kuogelea mara ya mwisho, nilimwona mbali kwenye maji. Chumba kilikuwa kitupu. Meza ileile ya Cosnel, kiti kimoja kimevutwa nyuma kidogo. Niliiweka sahani mezani nikasimama pale kama mjinga. Mimi si mtu wa kusema na hewa.

"Ile siku alisema neno, Mama mdogo," nilisema. "Nilikuficha. Leo amekula yote."